Arosto Huisha kwa Siku Kumi, Kazi ya Mshauri Ndipo Inapoanza

Siku ya nane au ya tisa, kijana aliyekuwa akivuta unga, yaani heroini, anaanza kula ugali akashiba, analala usiku kucha, anaomba shati lake lipigwe pasi. Nyumbani wanamshukuru Mungu na kusema ameacha. Mwili ndio ulioacha. Yeye mwenyewe bado. Bahati mbaya, ni siku hizohizo ambapo familia nyingi huona hakuna haja tena ya kumpeleka kwa mshauri.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili uliozoea unga unapoukosa, huanza ndani ya saa 8 hadi 12 tangu kete (kifurushi kidogo cha unga) ya mwisho: miayo, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuharisha, mifupa kuuma kama imepondwa. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hutulia kati ya siku ya tano na ya kumi. Inatesa sana, lakini kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine ni nadra kumuua, mradi anywe maji ya kutosha. Kinachoua ni kinachofuata. Mwili uliokaa bila unga unapoteza usugu wake, kwa hiyo kiasi alichokuwa akikimudu mwezi uliopita sasa kinaweza kumzima pumzi. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hospitalini au soba (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha) ni za hatari kuliko wakati alipokuwa akitumia kila siku.

Pombe ni habari nyingine kabisa. Anayekunywa gongo au pombe kali kila siku akikatishwa ghafla anaweza kufa kwa arosto yenyewe. Mikono hutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huweweseka, huona wadudu ukutani, homa hupanda. Huyo hafungiwi chumbani aombewe mpaka atulie. Anapelekwa hospitali, apewe dawa ya kutuliza kwa dozi inayopunguzwa polepole, na vitamini B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikitangulia kwa mlevi mwenye utapiamlo inaweza kuumiza ubongo.

Kikao cha kwanza

Mshauri wa waraibu mtaani anaweza kuwa muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii au mwanasaikolojia tiba. Mara nyingi anafanya kazi bega kwa bega na waelimishaji rika, watu waliopitia unga wenyewe na wanaojua vijiwe vyote. Vyeo vinatofautiana, ila kosa la kikao cha kwanza ni lilelile kwa wote: kuuliza "kwa nini unatumia?" Swali hilo mraibu ameshaulizwa na mama, na mjumbe, na polisi. Anayo majibu tayari na yote ni ya kujitetea.

Afadhali kuuliza: "Jana ilikuwaje, tangu ulipoamka?" Ndani ya masimulizi ya siku moja yanatoka yote yanayohitajika: kete ngapi, anavuta kwenye kokteli (sigara iliyochanganywa unga na bangi), ananusa au anajidunga, sindano anatumia na nani, anameza valiamu (vidonge vya kutuliza na kulaza) au anakunywa pombe juu yake, pesa anaitoa wapi, mara ya mwisho kula ilikuwa lini. Mchanganyiko huo wa unga, pombe na valiamu uandikwe kwa wino mwekundu kwenye faili, maana vyote vitatu hupunguza kasi ya kupumua.

Baada ya hapo linakuja swali la namba. "Kutoka 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwako leo?" Tuseme anajibu 4. Mshauri asiye na mafunzo huuliza, "Mbona si 10?" na mgonjwa anaanza kueleza ugumu wa kuacha, yaani anautetea unga. Aliyefunzwa huuliza, "Kwa nini 4, na si 1?" Hapo mgonjwa analazimika kutafuta sababu zake mwenyewe: mtoto ameanza shule, mguu una kidonda kisichopona, amechoka kukimbia mgambo. Sababu hizo huandikwa kwa maneno yake yaleyale, bila kupambwa, kwa sababu zitahitajika siku mbaya.

Siri nayo huelezwa mwanzoni kabisa, pamoja na mipaka yake. Mshauri hamwambii mama, mwajiri wala polisi kwamba mgonjwa ametumia. Lakini akiona maisha ya mtu yamo hatarini, au kuna mtoto anayeumizwa, atachukua hatua, na mgonjwa alijue hilo kabla hajafungua moyo.

Kuurudia mnyororo

"Nilijikuta tu nimevuta." Kila mshauri amelisikia hili, na kazi yake ni kutokubali neno "nilijikuta". Anarudi nyuma hatua moja moja. Ilikuwa Ijumaa. Kibarua kililipa saa kumi. Alipita njia ya sokoni, ambako kuna kijiwe. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Mtu akamwita kwa jina. Akawaza, "moja tu, kesho naendelea." Huo ni mnyororo wenye pete sita, na kila pete ni mahali pa kukata. Malipo ya Ijumaa yatumwe kwenye simu ya dada yake. Ale kabla ya kutoka kazini. Apite barabara ya juu hata kama ni ndefu. Mpango wa namna hii una nguvu kuliko ahadi ya "nitajikaza", kwa kuwa kujikaza ndiko kunakoisha kwanza mtu akiwa na njaa na uchovu.

Hamu yenyewe ina tabia moja inayofaa kufundishwa: inapanda, inafika kileleni, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30 kama haikulishwa. Waraibu wengi hawajui hivyo, kwani hawajawahi kuingoja ishuke. Zoezi ni kutazama saa, kuondoka pale ulipo, kunywa maji, kumpigia mtu mmoja mliyekubaliana, na kila baada ya dakika tano kuandika hamu iko namba ngapi. Karatasi inayosomeka 8, 9, 9, 6, 4, 2 humfundisha mtu kuliko mahubiri ya saa nzima, kwa sababu ameiandika mwenyewe.

Na akiteleza, aje kesho yake. Kete moja haimrudishi mwanzo, kinachomrudisha ni wazo la "nimeshaharibu, basi tena." Mshauri anayemfukuza mgonjwa kwa sababu ametumia anafanya sawa na daktari anayemfukuza mwenye kisukari kwa sababu sukari imepanda.

Maradhi mawili, faili moja

Mateso makubwa wanayoyapata wagonjwa wenye uraibu na ugonjwa wa akili kwa pamoja hutoka kwenye mfumo wenyewe. Mwenye uraibu anayesikia sauti anaambiwa na kitengo cha uraibu akatibiwe akili kwanza, na kule kwenye akili anaambiwa aache kwanza ndipo atibiwe. Anatembea kati ya milango miwili mpaka anachoka. Yote mawili yatibiwe pamoja, na watu wanaozungumza wao kwa wao.

Ni kweli kutofautisha ugonjwa wa akili na athari za kuacha si rahisi. Katika wiki za kwanza bila unga au pombe, karibu kila mtu ana huzuni, usingizi mbovu na wasiwasi. Kama hali si kali, hungojewa kati ya wiki mbili na nne kabla ya kuiita sonona (ugonjwa wa huzuni) inayohitaji dawa. Vivyo hivyo kwa mvutaji wa bangi anayeona watu wanamfuata: pengine itapungua akiacha, pengine ni mwanzo wa ugonjwa uliokuwa unanyemelea. Kinachosaidia ni historia. Je, dalili zilikuwapo kabla ya kuanza kutumia? Zilibaki vipindi alivyoacha? Kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa akili?

Pasipo kungojwa hata siku moja ni kwenye mawazo ya kujiua. Huulizwa wazi, kwa maneno hayohayo: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu ameuliza. Akikubali, maswali yanafuata: umepanga vipi, kwa kutumia nini, lini? Sumu ya shambani na akiba ya vidonge viondolewe nyumbani leo, si kesho, na asiachwe peke yake mpaka aonwe hospitalini.

Methadoni na mambo yanayoiharibu

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini na kuzuia arosto, mwaka 2011. Baadaye zikafuata Mwananyamala, Temeke, Itega mjini Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, na pwani ya Kenya zipo kliniki za Kisauni na Malindi. Ni dawa ya maji inayonywewa dirishani mara moja kwa siku. Mhudumu anapima, anaongeza maji au juisi, mgonjwa anakunywa mbele yake, kisha anatakiwa aseme neno, hata "ahsante" tu. Mdomo unaosema hauna dawa iliyofichwa shavuni ya kwenda kuuzwa nje.

Dozi ya kwanza huwa kati ya miligramu 10 na 30. Mgonjwa hulalamika kwamba ni ndogo, naye ana haki ya kujisikia hivyo, lakini methadoni hujilimbikiza mwilini na huchukua takriban siku tano kufikia nguvu yake kamili. Dozi inayoonekana ndogo Jumatatu inaweza kuua Alhamisi ikiongezwa kwa pupa, hasa akinywa pombe juu yake. Hupandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Akikosa siku tatu mfululizo, atathminiwe upya kabla ya kupewa dozi ileile. Akikosa tano au zaidi, anaanza tena chini.

Kuna jambo linalovunja nyumba nyingi kimyakimya. Mgonjwa aliyetulia miezi sita anaanza dawa za kifua kikuu, na ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi. Nyumbani wanasema anaigiza, anatafuta sababu. Haigizi. Rifampisini inalifanya ini liunguze methadoni haraka, na dozi iliyomtosha sasa haifiki jioni. Dawa za kifafa aina ya kabamazepini na fenobabito hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za zamani za virusi vya UKIMWI pia. Basi kila dawa mpya itajwe dirishani siku ileile. Na siku dawa hizo zinapokwisha, itajwe tena, kwa sababu methadoni iliyoongezwa sasa inakuwa nyingi mno.

Sababu ya kawaida kabisa ya kuacha matibabu, hata hivyo, si ya kitabibu. Ni nauli. Kuja kila siku, wiki nzima, kunamaliza pesa ya mtu asiye na kazi. Mshauri makini huuliza habari ya nauli mapema kama anavyouliza habari ya usingizi, akatafuta na familia njia ya kuipata. Yeye mwenyewe hakopeshi wala hatoi pesa mkononi, kwani siku mgonjwa atakaposhindwa kulipa deni ndiyo siku atakayoacha kuja.

Nyumbani kwa mgonjwa

Ziara hufanywa kwa idhini ya mgonjwa, na watu wawili, kwa nguo za kawaida. Gari lenye maandishi ya kliniki lisiegeshwe mlangoni. Mtaa mzima utajua. Wakati mzuri ni baada ya dozi, mtu akiwa hana arosto na hajalewa.

Familia nayo ina mafunzo yake. Ongeeni naye akiwa na akili timamu, kwa ufupi, mkisema lililotokea na mlivyojisikia: "Jana redio ilipotea, nikaogopa na nikaumia." Kumwita teja mbele ya wadogo zake kunamrudisha kijiweni, ambako hakuna anayemwita hivyo kwa dharau. Msilipe madeni yake ya kete. Mpeni chakula badala ya pesa. Minyororo haitibu, inaacha vidonda na chuki. Mkitaka kumpeleka kwenye maombi au kisomo, mpelekeni, ila dawa zisikatishwe.

Na kila nyumba yenye mtumiaji ijue sura ya mtu aliyezidisha: hafumbui macho ukimwita na kumsugua kifuani kwa ngumi, anakoroma kwa sauti ya kukwama, midomo na kucha vinageuka rangi ya buluu au kijivu, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Fanyeni haraka. Mmoja atafute usafiri. Mwingine amlaze chali, ainue kidevu, abane pua na kumpulizia pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe, mlazeni ubavu. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi kama wanavyoshauriana vijiweni. Maziwa yataingia mapafuni. Hospitalini atapewa nalokisoni, dawa inayoondoa athari za unga, nayo hufanya kazi ndani ya dakika chache. Ila nguvu yake huisha ndani ya saa moja na nusu hivi, wakati methadoni hudumu zaidi ya siku nzima. Mgonjwa akizinduka na kudai kurudi nyumbani, abaki chini ya uangalizi hospitalini, hata akikasirika.

Kwa Tanzania, namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure. Kenya ni 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Unapokwenda kliniki kwa mara ya kwanza, nenda na ndugu mmoja anayekubali kuwa msimamizi wa matibabu, na vifungashio vya dawa zote nyingine mgonjwa anazomeza.