Kwa nini wauguzi wanaacha kazi serikalini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Wanafuata pesa tu

Pesa ina uzito wake, na anayebisha hajawahi kulipa karo kwa mshahara uliochelewa. Lakini wasikilize wauguzi wa Kenya utasikia zaidi ya hayo. Muuguzi anasoma huku akishika zamu mpaka apate digrii, halafu anabaki miaka katika ngazi ileile aliyoajiriwa nayo kwa diploma. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti 47 mwaka 2013, kuhama kaunti nako kumekuwa kazi: mwenye mume Kakamega na ajira Wajir anaambiwa atafute wa kubadilishana naye. Hata mgomo wa 2017, uliodumu takriban miezi 5, kuanzia Juni hadi Novemba, ulihusu makubaliano ya maslahi yaliyojadiliwa yakakosa kutekelezwa. Ahadi ikivunjwa, nyongeza ya baadaye huwa haiaminiki tena.

Dhana: Uuguzi ni wito, kwa hiyo watavumilia

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana huwaadhibu wenye wito hasa.

Fikiria wodi ya watoto saa nne usiku, muuguzi ni mmoja. Dripu ya kitanda cha tatu imekwisha. Mama wa kitanda cha mwisho anapiga kelele, mwanawe ameshikwa na degedege. Dawa za saa nne hazijagawiwa hata nusu. Glovu zimekwisha, jamaa za wagonjwa wametumwa kuzinunua nje ya lango. Muuguzi huyu anajua kila kinachotakiwa kufanywa. Hana mikono ya kukifanya. Asubuhi, likitokea la kutokea, atakayeandika maelezo ni yeye. Asiyejali hulala vizuri akitoka zamu kama hiyo. Anayejali ndiye huanza kutafuta pa kwenda.

Dhana: Wodi ziko tupu kwa sababu wauguzi hawapatikani

Wapo, wengi nyumbani na leseni zao. Makubaliano ya Kenya na Uingereza ya Julai 2021, ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza, yaliwalenga waliofuzu na hawana ajira. Nchi ilikuwa na upungufu wodini na wataalamu wasio na kazi kwa wakati mmoja. Kilichokosekana ni bajeti ya kuwaajiri. Wengine huajiriwa kwa mikataba mifupi. Wahudumu wa mpango wa Afya kwa Wote walianza kazi mwaka 2020 kwa mikataba ya miaka 3, na mwaka 2025 walikuwa wamepiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Mtu asiyejua kama mwakani ana kazi hawezi kulaumiwa akijaza fomu za kwenda ng'ambo.

Dhana: Aliyebaki ameridhika

Si lazima. Kuna anayebaki kwa sababu ya mkopo wa benki au pensheni iliyo karibu. Idadi ya waliobaki haionyeshi hali ya waliobaki.

Dhana: Hakuna anayetaka kukaa mashinani

Zahanati nyingi za vijijini zinaendeshwa na wauguzi, na wapo waliokaa huko kwa miaka na kuheshimika. Wanachohitaji kinajulikana: nyumba yenye mlango unaofungika karibu na kituo, maji, mwenzao wa kupokezana zamu, shule ya watoto, na ruhusa ya kwenda masomoni bila kupoteza nafasi zao.

Mengine hayangoji hata bajeti ya gavana. Muuguzi msimamizi anaweza kubandika ratiba ya zamu mapema, mtu apange maisha yake. Anaweza kulinda siku za mapumziko na likizo zisiliwe kila mwenzake anapougua. Na panapotokea kosa, anaweza kuuliza kwanza wodi ilikuwa na wauguzi wangapi usiku huo, kabla ya kuuliza ni nani aliyekosa.