Mkaguzi kaona makosa, mbona katoa hati inayoridhisha?

Msimu wa mikutano mikuu ya SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, swali hili halikosi, na mara nyingi muulizaji ameshaamua kwamba mkaguzi "amekula".

Hati inayoridhisha, yaani maoni safi ya mkaguzi wa hesabu, haisemi kila shilingi imekaa mahali pake. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi, ambavyo Tanzania inavifuata tangu 2004, vinamtaka mkaguzi aseme kama hesabu ni sahihi katika mambo yote ya msingi. Kwa hiyo hupanga mapema kiasi ambacho kosa likikifikia laweza kumpotosha msomaji. Hupanga na kiasi kingine, kidogo sana, ambacho chini yake kosa haliandikwi.

Yaliyo katikati yote huorodheshwa, na Kiwango namba 450 kinaelekeza cha kufanya. Mkaguzi anaijulisha menejimenti na kuomba marekebisho. Ikikataa, anauliza sababu. Anaipelekea bodi orodha ya makosa yasiyorekebishwa, na kueleza athari yake kwenye maoni yake. Kisha anadai kwa menejimenti na, inapofaa, bodi, barua yenye saini inayosema kwamba, kwa maoni yao, makosa hayo si makubwa, liwe moja moja au yakijumlishwa, na orodha inaambatishwa. Menejimenti yaweza kuandika humo kwamba jambo fulani haioni kuwa ni kosa. Saini iko palepale.

Tuchukue chama cha mfano, kiasi kinachohesabiwa kosa kubwa kwake kikiwa shilingi milioni 5. Uchakavu wa mashine ya fotokopi, 900,000, haukuingizwa. Bili ya umeme ya Desemba, 640,000, imeandikwa Januari. Jumla 1,540,000, mbali kabisa na milioni 5, yapite?

Inategemea. Kama chama kimetangaza ziada ya 1,200,000, makosa hayo yakirekebishwa inabaki hasara ya 340,000. Hapo hoja ya udogo imekufa. Bodi ikigoma, mkaguzi anaweza kutoa hati yenye shaka, inayosema hesabu ni sahihi isipokuwa hapo. Vivyo hivyo laki moja iliyotoka kwa stakabadhi ya kughushi: haipimwi kwa udogo wake, maana hilo si kosa, ni udanganyifu. Makosa ya mwaka jana yaliyoachwa nayo yanahesabiwa tena mwaka huu.

Kinachotuchosha sisi wakaguzi ni bodi zinazong'ang'ania kuacha kosa ambalo mhasibu angelimaliza kwa jenali mbili, yaani maingizo mawili ya marekebisho vitabuni, kabla ya chai. Mkutanoni muulizeni mwenyekiti orodha ilikuwa na makosa mangapi, na kwa nini hayakurekebishwa. Hilo ni lake kujibu, si la mkaguzi.