"Msiwaguse masihi wangu": yanayosemwa kuhusu imani na siasa Kenya, na ukweli wake

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Viongozi wetu hawakosi ibada ya Jumapili: watasalimu "Bwana asifiwe", watashika maikrofoni, wataombewa. Jumatatu habari ni zilezile za zabuni na pesa za umma zilizoliwa. Mimi ni mtu wa kanisa, na ninaandika kwa uchungu wa mtu wa kanisa.

"Kiongozi ni mpakwa mafuta wa Bwana, ukimkosoa unagusa masihi"

Mstari huu ni wa Zaburi 105:15, nao ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu ukianza kusoma mistari mitatu nyuma yake maana inageuka kabisa. Wanaozungumziwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, waliotangatanga toka taifa hata taifa bila ardhi wala jeshi. Mstari wa 14 unasema Mungu "hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao". Kwa hiyo anayekatazwa kugusa ni mfalme, na anayelindwa ni mnyonge asiye na kwao. Sisi tumelichukua neno lililomlinda mgeni dhidi ya ikulu, tukailinda ikulu nalo.

Daudi alipakwa mafuta kwelikweli. Alipomuua Uria na kumchukua mkewe, nabii Nathani alimwendea akamwambia usoni: "Wewe ndiwe mtu huyo." Warumi 13 nayo hukatwa hivyohivyo. Tunanukuu kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu, halafu tunaishia hapo, kabla ya mstari wa 4 unaosema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Kijana aliyeandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake mpya hakustahili kujibiwa kwa risasi, na hakuna aya inayoihalalisha.

"Kanisa lihubiri Injili, siasa iwaachie wanasiasa"

Wanaosema hivi hawalalamiki kanisa linapowaombea kura. Lakini tunayo historia. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri Nairobi kwamba tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki zilikuwa funzo kwa Afrika, akaandamwa kwa hilo. Agosti mwaka huohuo waziri Peter Okondo alimwonya hadharani Alexander Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret aliyeikosoa serikali, kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge alikwenda. Tarehe 14, akirudi, akafa katika ajali ya barabarani.

Na kanisa linapochagua upande wa kabila badala ya upande wa haki, hasara ni ya watu. Januari 2008, katika vurugu za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanawake na watoto walichomwa moto wakiwa wamejihifadhi ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret. Februari Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea upande, na likaomba radhi.

"Sisi ni taifa la Kikristo"

Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema Kenya haina dini ya taifa.

"Mwanasiasa akitoa harambee kanisani, anamtolea Mungu"

Anayemtolea Mungu haiti kamera. Mathayo 6:3 yasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Na swali la pesa zimetoka wapi ni swali la kiroho, si utovu wa adabu.

"Makanisa yote yamenunuliwa"

Hapana. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubia waumini ibadani. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa shilingi milioni 2.6 katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na kuahidi nyingine. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe, pamoja na 200,000 za gavana wa Nairobi. Pesa hizo zilikuwa za nyumba ya padri, kwaya na baraza la wamisionari. Kwa hiyo parokia ile iliachwa na hitaji lake, na waumini wakabaki na kazi ya kuijenga nyumba ya padri wao kwa sadaka zao wenyewe.