Je, wajua kwa nini bati lililobonyea kwa mvua ya mawe huenda lisivuje?

Mvua ya mawe ikipita Ngaramtoni au Marangu, watu huanza na migomba, kisha macho hupanda paani. Bati la rangi limejaa vishimo, na fundi wa kwanza kufika hushauri libadilishwe lote. Usikimbilie kumpa pesa.

Bati hilo ni chuma chembamba kilichopakwa zinki, au zinki na alumini, halafu rangi. Kiwandani hupakwa rangi likiwa bapa, ndipo mashine inalikunja kutengeneza migongo. Rangi iliyostahimili mkunjo ule haitishwi na kishimo cha mviringo. Jiwe la barafu la sentimita 2.5 hushuka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa au zaidi. Litabonyeza bati, hasa la geji kubwa (geji ikipanda, unene unashuka), lakini rangi hubonyea pamoja na chuma. Kwa hiyo kinachotafutwa ni ufa kwenye rangi.

Panda asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, paa likiwa kavu. Laza chaki ubavu uipitishe taratibu juu ya bati: kishimo kitabaki bila chaki katikati. Futa vumbi, kisha chungulia kingo zake kwa kioo cha kukuzia. Rangi iliyopigwa jua miaka mingi hukakamaa, na hapo ndipo nyufa hujitokeza. Hata ikipasuka, zinki huliwa kwanza badala ya chuma, ukaona unga mweupe. Kutu nyekundu ndiyo habari mbaya, ila kutu iliyokomaa siku mbili baada ya mvua ilikuwepo kabla.

Uvujaji wenyewe hutokea kwingine: bati lilipolaliana na jingine ukingo ukabonyea na kuacha mwanya, kwenye kofia (bati linalofunika kilele cha paa), au kwenye raba za skrubu. Kagua huko kwa makini zaidi.

Na si kila kishimo ni cha mawe. Mawe hutawanya alama ovyo, nyingi upande uliopigwa na upepo. Zikiwa chini ya mparachichi tu, mshuku mparachichi. Mabonde mapana katikati ya papi na papi (mbao zinazobeba bati) ni nyayo za mafundi.

Kwa vigae vya bati vyenye chengachenga za mawe, anzia kwenye mifereji, utazame chenga zilizobanduka. Chenga chache ni kawaida, hasa paa likiwa jipya. Penye kigae kilichobaki na upara, muulize fundi kama muuzaji ana gundi na chenga za kuzibia kabla hujakubali kung'oa.