Kwa nini oili ya mashine ya boti huongezeka bila mtu kuiongeza?

Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ya mashine ya boti ya mipigo minne, ifute, irudishe, uichomoe tena. Mwezi uliopita oili ilikuwa kwenye alama ya juu. Leo imeipita, na hakuna aliyemimina hata tone. Aliyezoea mashine za mipigo miwili kama Yamaha Enduro, ambazo oili yake huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo, ana haki ya kushangaa. Oili kazi yake ni kuisha. Hii inazaaje?

Jibu la haraka ufukweni ni kwamba maji yameingia. Si jibu la kipuuzi, kwani mashine inashinda baharini, lakini mara nyingi silo. Maji na oili vikikorogwa na krenkshafti, shafti kuu ya injini, inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika hutoa kitu kizito chenye rangi ya maziwa, na utakiona kwenye dipstiki hata bila miwani. (Rangi hiyo ikionekana kwenye oili ya gia, kule chini karibu na propela, kesi ni nyingine: sili, mpira wa kuzuia maji yasiingie, imechoka.) Oili iliyoongezeka lakini bado ni nyeusi au ya kahawia, inang'aa, tena imekuwa nyepesi, haina maji.

Jibu la pili lina hasara zaidi: mashine ni nzima, haili oili, sasa ya nini kubadilisha wakati bado imejaa? Hapo dipstiki inabebeshwa kazi isiyo yake. Inapima kimo tu, haijui kilichomo. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inaweza kuonekana imejaa kumbe sehemu yake ni petroli, na petroli hailainishi chochote. Inaipunguza oili uzito, na ule utando unaozuia chuma kisisage chuma kwenye beringi unakuwa mwembamba. Kwa hiyo oili iliyopita alama ni sababu ya kuibadilisha mapema.

Petroli inafikaje huko? Tazama sufuria ya wali jikoni. Mvuke ukigusa mfuniko wa baridi hugeuka matone, na matone hutiririka kurudi chini. Mfuniko ukishapata moto sawasawa, matone hupungua na mvuke hutoka zake. Ukuta wa silinda ndio mfuniko huo. Petroli huingia ikiwa ukungu. Ikikuta ukuta wa baridi, sehemu yake hunata pale bila kuungua. Ringi za pistoni, ambazo kazi yake ni kukwangua, huikwangua na kuishusha kwenye sampu. Na kama kwenye sufuria, moto hugeuza mambo: oili ikipata moto wa kutosha, petroli iliyomo hugeuka mvuke, hupita kwenye mrija wa kupumulia na kurudi kuunguzwa. Kimo hupanda pale tu inayoingia inapoizidi inayotoka.

Gari lina maji yake ya rejeta yanayozunguka kwenye nyuzi joto 90 hivi. Mashine ya boti hunyonya maji ya bahari na kuyatema, na thamostati yake, vali inayozuia maji mpaka yapate moto, kwa kawaida hufunguka kwenye nyuzi 50 hadi 60, maana maji ya chumvi yakipashwa sana huacha magamba ndani ya njia zake. Yaani ni injini iliyokusudiwa kufanya kazi ikiwa na ubaridi wake. Mvuvi anayerambaza asubuhi nzima kwa mwendo wa polepole anauongeza ubaridi huo. Mashine mpya, ambayo ringi zake hazijakaa sawa, huathirika zaidi. Na fundi anayeitoa thamostati ili "mashine isichemke" ameondoa kitu pekee kilichokuwa kikiitunzia joto.

Magari nayo hayajasalimika. Mwaka 2018 Honda ilisimamisha kwa muda uuzaji wa CR-V nchini China kwa tatizo hilihili, lililojitokeza zaidi kwenye mikoa ya baridi.

Ila kabla ya kulaumu petroli, angalia mashine imesimamaje. Krenkshafti ya mashine ya boti husimama wima na sampu iko chini yake, kwa hiyo mashine iliyoinuliwa au kuinama husoma uongo. Ishushe, isimame wima, isubiri oili ishuke, ndipo upime.

Kubadilisha kwenyewe si kazi kubwa. Watengenezaji wengi wanataka mara ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au kila mwaka. Pasha mashine ikiwa ndani ya maji au kwenye mpira wa maji. Ukiiwasha kavu, impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, itaungua. Fungua nati ya chini oili itoke, irudishe na washa mpya (kile kipete cha kuzuia kuvuja), paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya na uikaze kwa mkono. Oili iwe yenye alama ya FC-W, ya mashine za boti za mipigo minne.

Iliyotoka usiimwage haraka. Kunusa hakutoshi, kwani oili yoyote chafu hunuka petroli kidogo. Imimine kwenye jagi lenye vipimo. Ikiwa uliweka lita moja na nusu na imetoka zaidi ya hapo, ziada ni petroli, tena kipimo hicho kimepunja, kwa sababu oili nyingine imebaki kwenye filta na kwenye kuta za injini.