Frateri, ulanzi na mkate wa ngano

Kila likizo parokia yetu, nje kidogo ya mji wa Iringa, hupokea mafrateri, vijana wanaosomea upadre, wawili watatu. Nilifundisha sakramenti seminari kuu kwa miaka mingi kabla ya kurudi parokiani, basi tukishakula chakula cha jioni maswali hayakosekani. Kuna moja ambalo halijawahi kupita likizo bila kuulizwa: "Padre, kwa nini Misa lazima iwe na ngano na zabibu? Kwetu chakula ni ugali, na kinywaji ni ulanzi tunaougema kwenye mianzi."

Walezi wengine wa seminari hulimaliza kwa sheria za Kanisa. Kanuni namba 924 inataka mkate wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni, na divai halisi ya zabibu isiyoharibika. Haya, tukalale. Mimi naona hapo frateri amenyimwa somo. Sheria hizo hizo, namba 246, zinaagiza adhimisho la Ekaristi liwe kiini cha maisha yote ya seminari, na hilo halitimii kwa kengele ya Misa ya alfajiri peke yake. Nimelea vijana wasiokosa Misa hata siku moja na wasiouliza chochote juu yake. Hao ndio walioninyima usingizi, si huyu wa ulanzi.

Swali lenyewe ni la zamani. Thomas wa Akwino aliligusa karne ya 13, katika Sehemu ya Tatu ya Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, swali la 74: nchi zisizoota ngano wala mizabibu zifanyeje? Akajibu kama mchuuzi: kinachohitajika kwa sakramenti ni kidogo, kitasafirishwa. Sisi hata safari yetu ni fupi, maana ngano inalimwa nyanda hizi hizi na zabibu ziko Dodoma. Lakini Padre Jean-Marc Ela wa Cameroon aliliuliza kwa uchungu zaidi: mkulima wa mtama, aliyezoea kutegemea vya wageni, aletewe kutoka ng'ambo hata mkate wa altareni? Mafrateri wangu nawasomesha wote wawili, na sifichi kwamba Ela ananisumbua.

Hata hivyo nasimama na ngano, wala si kwa sababu ya namba 924. Misa ni ukumbusho wa jambo lililotendeka: usiku fulani, mjini Yerusalemu, mezani pa Wayahudi waliokuwa wakila Pasaka. Neno alitwaa mwili mahali penye jina. Hatuoni tabu kukiri kwamba Bwana alizaliwa Bethlehemu na si Kalenga yetu hapa Iringa. Mkate ule ni sehemu ya habari hiyo hiyo.

Hapo frateri hunyamaza, lakini hajaridhika. Namwambia asubiri Dominika, aangalie matoleo.

Akina mama wa jumuiya wanapanda wakicheza, debe la mahindi kichwani, maharage kwenye ungo, na jogoo aliyefungwa miguu anayepiga kelele kuliko kwaya. Maelekezo ya Misale, kitabu cha kuadhimishia Misa, yanasema vitu hivi vipokelewe, ila viwekwe pembeni, si juu ya altare. Kwa hiyo mahindi yanafika hadi kwenye ngazi, hostia, yaani mkate wa Misa, na divai vinaendelea. Kisha mchana tunakaa mezani, na ugali ni wa debe lile.

"Frateri," namuuliza, "miaka 2 ya falsafa na 4 ya teolojia, ugali wa seminari ulitoka wapi?"

Hapo ndipo ninapotaka afike kabla sijamruhusu kushika kalisi, kikombe cha divai ya Misa, kwa mazoezi. Kunyoosha mikono na kuinua hostia kwa utulivu tutafundishana, ni kazi ya wiki chache tu. Kujua kwamba mwili wake mwenyewe, anaotaka kuutoa altareni, umejengwa na debe la mama ambaye pengine watoto wake walilala na uji, hilo sijapata somo la darasani linalolitosha.

Wa likizo hii alitafuna kimya, halafu akauliza, "Kwa hiyo, Padre, hata ulanzi unaweza kuja na matoleo?"

Nikamwambia akamuulize gombera, mkuu wa seminari yake.