B ya "debt" na s ya "island": herufi zisizotamkwa zilitoka wapi

Chukua neno "risiti". Kwa Kiingereza linaandikwa "receipt", lakini ile p kwetu haipo, wala hatukuikata sisi. Neno liliingia kwenye Kiswahili kwa sikio, na masikioni mwetu hapakufika p yoyote. "Saini" nayo imetoka kwenye "sign" bila g, na "skuli" ya Zanzibar imetoka kwenye "school" bila h (bara wanasema "shule", neno la Wajerumani). Kwa maneno kama haya, Kiswahili kinakuonyesha matamshi ya Kiingereza vizuri kuliko tahajia ya Waingereza wenyewe.

Wanafunzi huambiwa wazikariri tu herufi hizi kwa kuwa hazina mantiki. Mimi sikubaliani na hilo. Kila moja ina asili yake, na anayeijua asili hakosei ovyo.

Kuna zilizochomekwa na wasomi. Waingereza walichukua kwa Wafaransa "dette" na "doute", bila b, na wakayatamka bila b. Kati ya karne ya 15 na ya 16, wasomi waliokienzi Kilatini wakataka maandishi yaonyeshe babu wa neno: debitum na dubitare. Wakatia b, ndiyo hii ya "debt" na "doubt". Watu wa kawaida waliendelea kusema kama walivyosema jana. P ya "receipt" ilipita mlango huo huo, kutoka recepta. Ajabu ni kwamba "receipt", "deceit" na "conceit" ni watoto wa mzizi mmoja wa Kilatini, lakini p imebaki kwa mmoja tu. "Deceipt" iliwahi kuandikwa, haikushika.

Ipo mbinu ninayoiamini kuliko zote, na haiishii kwa kundi hili: mtafute ndugu wa neno ambaye kwake herufi hiyo inasikika. B ya "debt" utaisikia kwenye "debit", p ya "receipt" kwenye "reception", g ya "sign" kwenye "signature". N ya mwisho wa "autumn" inajitokeza kwenye "autumnal", na ya "condemn" kwenye "condemnation". C ya "muscle" iko wazi kwenye "muscular". Hata w ya "two", inayowasumbua watoto wa darasa la kwanza, inasikika kwenye "twelve", "twenty" na "twin".

Mara nyingine herufi ya wasomi ilishinda hata ulimi. "Fault" ilikuwa "faute", bila l. Ikatiwa l ya Kilatini, na baada ya muda watu wakaanza kuitamka kwa sababu waliiona kwenye karatasi. "Salmon" ilitiwa l kwa njia hiyo hiyo, lakini yake imebaki kimya mpaka leo. Kwa hiyo usijilaumu sana ukiitamka l ya "salmon". Waingereza wenyewe walifanya hivyo kwenye "fault".

Kundi la pili ni tofauti kabisa: herufi zilizokuwa hai. "Knight" ndiyo mfano ninaoupenda. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa cniht, yenye maana ya kijana au mtumishi, na kila herufi ilifanya kazi. Anza na k, uiunganishe na n papo hapo, "kni". Kisha toa ile kh ya kooni unayoisikia kwenye kisomo cha Kurani. Malizia na t. Kniikht. Mjerumani bado anaitamka k ya Knie, yaani goti, wakati Mwingereza anaandika "knee" na kusema "nii". K hiyo ilizimika kwenye ulimi wa Waingereza mnamo karne ya 17, ila tahajia haikusogea. Sababu kubwa ni uchapishaji. William Caxton alianzisha mtambo wake Westminster mwaka 1476, na kuanzia hapo maandishi yakaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kubadilika. H ya "ghost" nayo inahusishwa na karakana hiyo. Caxton alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, ambako neno hilo liliandikwa kwa gh, ilhali Kiingereza cha kale kiliandika gast.

La tatu ni kundi la makosa matupu. "Island" haihusiani na "isle". Ilikuwa iegland, neno la Kiingereza cha kale lenyewe, halina s popote. "Isle" ilitoka kwa Wafaransa, kutoka insula ya Kilatini, na ina haki ya s. Watu wakadhani ni ndugu, s ikahamishiwa kwa asiye mwenyewe. "Could" nayo ina l ya kuiga: "would" na "should" zina l kwa sababu zinatoka kwa "will" na "shall", lakini "can" haina l hata kidogo. Hapa mbinu ya ndugu haifui dafu. Haya ya kukariri ni machache, na yakariri kweli.

Neno lililopitia mikono mingi ni "colonel". Waitaliano walisema colonnello, kutoka colonna, yaani nguzo au safu. Wafaransa, wakikwepa l mbili zinazofuatana, wakageuza ya kwanza kuwa r: coronel. Waingereza wakalipokea hivyo karne ya 16, kisha maandishi yakarudi kwenye l ya Kiitaliano huku ulimi ukibaki na r ya Kifaransa. Ndiyo maana hakuna anayesema "ko-lo-neli", na jeshini kwetu cheo hicho ni kanali.

Katika kusoma kwa sauti, panapowaangusha wengi ni mb. Mwishoni mwa neno b haitamkwi: "lamb", "comb", "thumb" (ya "thumb" haina hata asili, ilikuwa thuma). Katikati inatamkwa: "number", "timber". Lakini kabla hujaitamka, kiondoe kiambishi cha mwisho. "Climber" ni "climb" na -er, "bomber" ni "bomb" na -er, na "plumber" ni ndugu wa "plumb"; b zote tatu zinanyamaza. "Number" ya hesabu haina kiambishi cha kuondoa, basi b yake itamke.